Kumbatio la Mauti

Mwaka 1965 Edsger Dijkstra, mwalimu wa hisabati huko Eindhoven, Uholanzi, aliandika juu ya balaa aliloliita kumbatio la mauti. Tuchukue makarani wawili. Mmoja ameshika daftari la mishahara na anataka la ghala. Mwenzake ameshika la ghala na anataka la mishahara. Hakuna anayeachia kabla ya kupata. Watakaa hivyo mpaka kiyama, na wala hawakugombana: kila mmoja anangoja kwa adabu kabisa. Ndivyo programu mbili zinavyoweza kufungiana faili ndani ya kompyuta.

Dijkstra alitafuta njia ya kuzuia mapema, mfano wa mwenye benki asiyekopesha mpaka aone atawamaliza wateja wote. Kwa kufuli za faili, watu wa Unix walishika njia nyingine, na kanuni za POSIX za mwaka 1988 zikaikubali: acha waombe, ila angalia mzunguko. Kazi hiyo ni ya kiini, programu kuu inayozitawala nyingine. Kabla ya kumlaza mwombaji, kiini huuliza: aliyeshika kufuli hii anamngoja nani? Na huyo je? Jina la mwombaji likitokea, mduara umetimia, naye hukataliwa. Hata kama haki yake ni sawa na ya wenzake! Mimi sioni ubaya, kwani ni yeye pekee aliye macho kusikia jibu. Lakini asipoachia alichoshika, wenzake wataendelea kulala.

Mkaguzi naye ana udhaifu wake. Katika Linux iligunduliwa kwamba, programu zikishirikiana faili zilizofunguliwa, kiini chenyewe kingeweza kunaswa katika mduara usiomhusu mwombaji, kikazunguka bila kutoka. Mwaka 2007 kikawekewa mpaka wa hatua 10; zaidi ya hapo humwacha mwombaji angoje. Basi mduara mrefu wa kweli hupita bila kuonekana, na mara nyingine hukataliwa mtu ambaye hakufungana na yeyote.

Kufuli za aina mpya zilizoingizwa katika Linux mwaka 2014, zinazofuata faili iliyofunguliwa badala ya programu, hazikaguliwi kabisa. Mwandishi wa programu ndiye wa kupanga kwamba kila karani ashike kwanza la mishahara, kisha la ghala.