Betri ya moyo huwekwa wapi?

Wasikilizaji wengi wakisikia "betri ya moyo" hudhani kifua kinapasuliwa na betri kutiwa ndani ya moyo. Sivyo. Kwa kawaida daktari huchana ngozi kidogo chini ya mtulinga na kukiweka kifaa hapo. Waya wake hupitia kwenye mshipa mpaka moyoni. Mara nyingi mgonjwa huchomwa ganzi ya sehemu hiyo tu.

Kushoto ndiko hutumika zaidi, kwa kuwa wengi wetu hufanya kazi kwa mkono wa kulia. Hapa Mwanga na Ujiji hilo si dogo: mvuvi anayevuta wavu au mkulima anayebeba mzigo begani amweleze daktari mapema. Mtu mwembamba sana anaweza kuwekewa chini ya msuli, ingawa maumivu huzidi. Watoto wachanga huwekewa tumboni, na upasuaji wao ni mkubwa zaidi.

Huduma hii hutolewa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa Kigoma, anzia hospitali ya Maweni. Ukirudi nyumbani, wiki 4 hadi 6 za mwanzo usiinue mkono wa upande huo kupita bega, waya usije ukachomoka. Na simu usiiweke mfuko wa shati juu ya betri: iwe mbali sentimita 15.