Nunda, Mla Watu

Nunda ni zimwi la ngano za mwambao wa Waswahili: paka wa nyumbani aliyekua hadi akawa mla watu, kisha akauawa na kitinda mimba wa sultani. Kamusi hulipa neno hili maana ya mnyama mkali mwenye kiu ya damu, na hata mtu katili huitwa hivyo. Ngano yake ilipigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1870 katika mkusanyo wa Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu huko. Mwaka 1901 ilitoka mara mbili kwa Kiingereza, katika kitabu cha Andrew Lang na katika kile cha George W. Bateman. Bateman anampa kijana jina lililo tamu kuliko yote: Mkaajikoni.

Jina hilo linabeba nusu ya hadithi. Sultani Majinuni ana wana saba. Sita wanakaa barazani pamoja na baba yao, na wa saba anakaa jikoni na wapishi, hahesabiwi. Uani kuna mtende, na kila mwaka tende zikiiva ndege huja kuzimaliza usiku. Wana wakubwa wanapewa zamu ya kulinda, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja analala. Mkaajikoni anakwenda na bisi, nyingine safi, nyingine zimechanganywa na mchanga. Usingizi unapomjia anatafuna zile za mchanga, chembe zinasaga meno, macho yanafumbuka. Hana upanga wala hirizi. Kwa kukesha tu anamkamata ndege, na asubuhi tende zote zipo.

Sehemu ya pili inaanza kwa kosa la baba. Paka wa sultani anakula ndama wa watu. Wenyewe wanashitaki, na sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, kwa hiyo hakuna kesi. Jibu hilo analirudia paka anapopanda daraja: mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia, mtoto, mtu mzima. Mwishowe paka anahamia kichakani kando ya njia na kumvizia kila apitaye. Siku sultani anapotoka kutembea na wanawe, paka anachupa na kuua watatu mbele ya macho yake. Hapo ndipo baba anapotamka kwamba huyu si paka tena, ni Nunda. Sijui ngano nyingine ya pwani inayomtia mtawala hatiani waziwazi namna hii. Zimwi halikutoka kuzimu wala baharini. Lililelewa ndani ya jumba, likalindwa kwa amri, na raia walikwishalilalamikia muda mrefu kabla ya mwenye mali kulitambua.

Mkaajikoni anaingia mwituni kumsaka, pamoja na watumwa wa baba yake. Hajapata kumwona Nunda akiwa amekua hivyo, basi kila anachokiua anamburutia mama yake huku akiimba kwamba amemuua mla watu. Mama anajibu kwa wimbo kwamba siye, kisha anamtajia alama: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka mawili kama ya fungo, mkia mnene. Anauawa mbwa, anauawa fungo, kisha pundamilia, twiga, kifaru, tembo. Mnyama anazidi kuwa mkubwa, na kila mara jibu ni lilelile. Mama anataka mwanawe aache kuwinda ukubwa, aanze kusoma alama. Hatimaye kutoka juu ya mlima wanamwona Nunda chini amelala, na alama zote anazo. Wanampiga bunduki, wanakimbia, hawathubutu kumkaribia hadi kesho yake.

Kwa nini usiku na kukesha vimeshika nafasi kubwa hivi? Jibu liko mashambani. Katika pwani ya Tanzania, kuanzia vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Saadani hadi Rufiji na Lindi, mkulima hujenga dungu: kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, kikaezekwa kwa nyasi au makuti. Mpunga au mahindi yakikaribia kukomaa, familia huhamia humo, watoto na wote. Usiku hupigwa debe na kuwashwa moto ili kufukuza nguruwe pori. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi 308, na mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno. Simba humfuata nguruwe, nguruwe humfuata mahindi, na kati yao amelala mtu ndani ya kibanda chepesi. Anayeilinda mali usiku ndiye anayekutana na mla watu. Ngano ilizifunga habari hizo mbili pamoja zamani.

Saadani yenyewe iko ng'ambo ya Unguja, Steere alikoisikiliza ngano hii, na ilikuwa bandari ya misafara ya bara. Tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, ambamo simba na tembo hufika hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi, na mgeni analala hemani akiusikia mwitu na mawimbi kwa pamoja.

Wapo waliomtafuta Nunda kama mnyama wa kweli. William Hichens, aliyekuwa ofisa wa utawala wa Kiingereza huko Lindi na ndiye aliyehariri Diwani ya Muyaka (1940), aliandika mwaka 1937 juu ya mnyama aitwaye pia mngwa, na juu ya askari wa soko aliyekutwa amekufa akiwa na nywele za kijivu mkononi. Hakuna ngozi wala fuvu lililothibitishwa na wataalamu wa wanyama.

Katika televisheni, ndugu wa karibu wa Mkaajikoni ni Ndahura wa Herderboy, kipindi cha katuni cha Raymond Malinga wa Uganda katika mfululizo Kizazi Moto, ulioanza kuonyeshwa na Disney+ tarehe 5 Julai 2023. Ndahura ni mchungaji kijana mwenye viungo vya mashine. Nje ya mipaka ya ufalme wa Wachwezi anaandamana na mchungaji mzoefu kulinda ng'ombe dhidi ya wanyama wa kutisha, akitaka kuthibitisha kwamba naye ni shujaa. Mali ya kulindwa, kijana asiyehesabiwa, mkubwa anayejua zaidi: mifupa ni ileile, ingawa bisi zenye mchanga bado nazipenda kuliko mkono wa chuma.

Ngano hii inataka kuimbwa. Msimulizi anachukua sauti ya mwana, wasikilizaji wanaitikia kwa sauti ya mama, na kitoto kidogo kuliko wote, ambaye hajamwona twiga wala kifaru, anapaza sauti pamoja na wenzake kumwambia shujaa kwamba bado, siye.