Bilauri, akiki na tanzanaiti: nani anakata jiwe letu?

Leo naomba tuongee historia, lakini siyo ile ya kukariri majina ya magavana kwa ajili ya mtihani. Tuongee mawe ya vito. Kuna swali limenikaa kichwani muhula mzima: jiwe likitoka ardhini kwetu, nani analisugua, nani analikata, na nani anakula?

Tuanze na neno bilauri. Nyumbani bilauri ni glasi ya kunywea maji, si ndiyo? Basi asili ya neno hili ni Kiarabu, na huko ni jina la jiwe, lile jiwe gumu linaloangaza kama maji. Karne ya 11 mwanazuoni al-Biruni aliandika kitabu kuhusu vito, na humo akaeleza kwamba bilauri ilikuwa inapelekwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, na mafundi wa Basra ndio walioitengeneza vyombo. Zanj ndio sisi, watu wa mwambao huu! Zama hizohizo mafundi wa Misri, chini ya watawala wa Kifatimi, walikuwa wanachonga birika zima kutoka pande moja la bilauri. Moja lenye jina la khalifa al-Aziz, aliyetawala kuanzia 975 hadi 996, lipo mpaka leo katika hazina ya kanisa la Mtakatifu Marko kule Venice. Watu wanapanga foleni kuliangalia. Ila hakuna anayepanga foleni kuangalia bilauri ghafi.

Sasa geuza jahazi. Wakati bilauri inatoka, akiki ilikuwa inaingia. Shanga nyekundu za akiki zimefukuliwa Kilwa na kwenye miji mingine ya kale ya pwani, na chimbuko lake kubwa ni Gujarat, India, hasa mji wa Khambhat. Mafundi wa Khambhat wana namna yao ya kung'arisha ambayo mimi naiona ni ya ajabu. Wanavunja jiwe, wanalichonga, wanalitoboa, kisha shanga nyingi zinatiwa kwenye mfuko wa ngozi pamoja na vumbi la akiki na maji. Watu wawili wanakaa chini wanatazamana, huyu anausukuma mfuko kwa yule, yule anaurudisha, siku baada ya siku. Shanga zinasuguana zenyewe kwa zenyewe mpaka zing'ae.

Kazi ya mfuko ule mwenzenu naifanya hapahapa hosteli. Nina kidumu kinachozungushwa na mota ya cherehani. Natia mawe mpaka yafike theluthi mbili ya kidumu, natia maji na unga mkali, halafu nakiacha kizunguke usiku na mchana kama wiki hivi. (Mwenzangu wa chumbani anasema anaota mvua ya mawe. Avumilie tu.) Baada ya hapo naosha kila kitu kwa makini, maana punje moja ya unga mkali ikibaki inakwaruza mzigo mzima. Naweka unga laini zaidi, halafu laini zaidi tena, na mwisho unga wa kung'arishia. Mwezi unakatika. Sharti lingine ni kutochanganya jiwe laini na gumu, kwa sababu gumu litalila laini. Ndiyo yaleyale ya mawe ya mtoni na pwani, tofauti ni kwamba bahari haina haraka.

Unga wenyewe ni ule wa kwenye msasa mweusi, kaborandamu. Mmarekani Edward Acheson aliupata kwenye tanuru la umeme mwaka 1891. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani wa kawaida, makarani, walimu, wastaafu, wakaanza kununua mota ndogo na kung'arisha mawe gereji mwao kama watu wengine wanavyofuga njiwa. Mwaka 1947 walishakuwa na jarida lao, Lapidary Journal. Hakuna aliyewaambia kuwa vito ni kazi ya sonara peke yake.

Lakini mji ulionifanya niandike haya upo Ujerumani, unaitwa Idar-Oberstein. Huko walichimba akiki milimani na kuikata kwa magurudumu makubwa ya jiwe la mchanga yaliyozungushwa na maji ya kijito. Fundi alilala kifudifudi kwenye kiti cha mbao, akalisukuma jiwe kwenye gurudumu kwa uzito wa mwili wake, huku vumbi likiingia mapafuni. Wengi walikufa kwa vifua. Mwanzoni mwa karne ya 19 akiki yao ikawa imeadimika, njaa ikaingia, watu wakahamia Brazili. Na kule Brazili, Rio Grande do Sul, wahamiaji hao wakakuta akiki tele. Mwaka 1834 shehena ya kwanza ikarudi Idar-Oberstein kukatwa.

Mmeona hapo? Jiwe liliisha, mji haukufa. Mpaka leo Idar-Oberstein ni jina kubwa katika vito duniani, na wanakata mawe ambayo babu zao hawakuwahi kuyaona. Walichokuwa nacho kilikuwa mikononi, na mkono unarithishwa.

Turudi nyumbani. Mwaka 1967 jiwe la bluu lilipatikana Merelani, Simanjiro. Jumanne Ngoma alitambuliwa rasmi na serikali mwaka 2018 kuwa ndiye mgunduzi. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina la tanzanaiti na kuanza kuliuza. Mpaka leo halichimbwi kibiashara mahali pengine popote duniani. Ila kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mzigo ghafi ilikuwa inakwenda kukatwa Jaipur, India. Basra ya enzi hizi.

Na kukata tanzanaiti siyo kunoa kisu, jamani. Kwanza mawe mengi yanatoka shimoni na rangi ya kahawia, yanapikwa kwenye tanuru kama nyuzi 500 hadi 600 ndipo bluu itokeze. Pili, jiwe hilohilo ukiligeuza linakuonyesha rangi nyingine: upande huu bluu, upande huu zambarau. Fundi analibandika kwenye kijiti, analitazama, kisha anaamua uso wa juu ukae wapi. Mara nyingi akifuata bluu anapoteza uzito mwingi, akifuata uzito anapata zambarau. Na pembe za chini zikilala mno mwanga unapita moja kwa moja, jiwe linakuwa kama dirisha. Tena lina upande mmoja ambao likigongwa linapasuka kirahisi. Mara nyingi zaidi ya nusu ya jiwe ghafi inaishia kuwa vumbi, na bado kinachobaki kina bei kuliko lile zima. Ile tofauti ya bei ndiyo tunayoisafirisha bure.

Serikali haikulala. Mwaka 2010 ilizuia kusafirisha nje tanzanaiti ghafi inayozidi gramu 1. Mwaka 2018 ukuta wa kilomita 24 na ushee ukazunguka migodi. Juni 2020 Saniniu Laizer akaiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akapata shilingi bilioni 7.74, na nchi nzima ikashangilia. Na mimi nilishangilia. Lakini ukuta unazuia jiwe lisitoke, haufundishi mtu kulikata. Kituo cha Jemolojia pale Arusha kinafundisha, na nawapongeza, ila kituo kimoja kwa nchi yenye vito kila kona ni kama kijiko kwenye sufuria la ubwabwa wa harusi.

Ndiyo maana sicheki mtu anayesugua mawe kwa kujifurahisha. Mtoto aliyezoea kulitazama jiwe dhidi ya jua, akajua lipi gumu na lipi laini, huyo umeshampunguzia nusu ya safari ya ufundi. Kwatzi zimejaa tu kwenye mashamba ya Dodoma na Singida. Tuanze na hizo. Miaka elfu moja ya kupeleka mawe ghafi Basra inatosha.

Mnaonaje wenzangu? Hasa nyie wa Arusha na Manyara, mtueleze yanayoendelea huko. Mie naenda kubadilisha unga.