SOAP: Kitambulisho Huwekwa Wapi?
Msafirishaji wa Jinja au Mbale anayeunganisha programu yake na mfumo wa wakala wa forodha kwa SOAP hujitambulisha kila anapouliza habari za mzigo. Ujumbe wa SOAP ni bahasha ya XML yenye kichwa na mwili.

Neno la siri huwekwa katika kichwa cha bahasha, au nje yake katika kichwa cha HTTP. Likiwekwa pasipotakiwa, seva hukataa hata kama ni sahihi, na lori lililoko Malaba hubaki bila majibu. Soma kwanza maelezo ya huduma.

Katika PHP, kichwa cha bahasha huongezwa kwa SoapHeader na __setSoapHeaders. Cha HTTP kwa stream_context. WS-Security, kiwango cha OASIS cha mwaka 2004, hutumia kichwa cha bahasha. Tuma kwa HTTPS tu.