Watoto wa Vita Chini ya Mlima Meru

Ukishuka Tengeru, chini ya Mlima Meru, ingia katika chuo cha mifugo uulize makaburi ya Wapolandi. Kila mtu atakuonyesha. Wamelala humo watu karibu 150, Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi. Walikuwa wakazi wa kambi ya wakimbizi iliyodumu kuanzia 1942 hadi 1952, yenye watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Afrika Mashariki haikuwa na kambi nyingine ya Wapolandi kubwa kama hiyo.

Mimi ni mwalimu wa historia, na Vita Kuu ya Pili huwa naifundishia hapo makaburini. Kitabu cha kiada kina Hitler, Stalin na ramani yenye mishale. Mwanafunzi anakariri, anafaulu, anasahau. Lakini akisimama mbele ya kaburi na kusoma jina asiloweza kulitamka, swali linamtoka lenyewe: huyu alifikaje huku kwetu?

Alifika kwa mzunguko mrefu. Kuanzia Februari 1940, askari wa Kisovieti waliingia katika nyumba za mashariki mwa Polandi, wakazipakia familia katika mabehewa na kuzipeleka Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1941 Hitler alimgeuka Stalin; Stalin akahitaji marafiki, akawafungulia Wapolandi. Mwaka 1942 zaidi ya 100,000 walivushwa hadi Iran, wengi wao kwa meli kupitia Bahari ya Kaspi. Wanaume wenye nguvu wakaingia jeshini. Akina mama, wazee na yatima wakasambazwa katika makoloni ya Waingereza: Masindi na Koja huko Uganda, Ifunda na Kidugala kwetu kusini, na hapa Tengeru.

Watoto hao walikuja kuzeekea Uingereza, Kanada na Australia, na huko ndiko walikoyasimulia yaliyowapata. Hapo ndipo naona ubora wa jicho la mtoto. Mtoto hatetei serikali wala hatafuti cheo. Anakumbuka mkate ulivyokatwa, nani aliachwa njiani, na baadaye vibanda vya duara vilivyoezekwa nyasi, homa ya malaria na shule iliyofundisha kwa Kipolandi. Kumbukumbu hizo zilikuwa na kazi nzito. Chini ya utawala wa kikomunisti, habari za kupelekwa Siberia hazikufundishwa Polandi. Zilibaki vifuani mwa waliokuwa watoto. Mkanada Jonathan Durand ametengeneza filamu, Memory Is Our Homeland, akianzia kwa bibi yake mwenyewe, aliyekulia Tengeru. Pasipo wazee kama huyo, sehemu hiyo ya vita ingezikwa pamoja nao.

Udhaifu wa jicho hilo nao ni mkubwa. Mtoto huona mahali mama yake alipo, basi. Katika masimulizi mengi niliyosoma, Mwafrika ni muuza matunda au kibarua, hana jina. Bibi yangu alikuwa mmoja wa waliopeleka ndizi kambini. Kilichomshangaza kuliko yote ni kuwaona wanawake wa Kizungu wakibeba ndoo na kufua nguo zao wenyewe. Alikuwa hajui kwamba Mzungu naye huwa maskini. Habari hiyo hutaipata kwa mtoto wa kambini, kwani yeye hakuona ajabu yoyote kwa mama yake kufua. Wala mtoto hakuuliza kwa nini Wameru, wenyeji wa hapa, walikuwa wamebanwa kati ya msitu wa serikali juu na mashamba ya walowezi chini.

Novemba 1951, kambi ikielekea kufungwa, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 wa Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima huu huu, ili Wazungu wapate mahali pa kufugia. Nyumba zilichomwa, watu wakapelekwa Kingori. Mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alisimama Umoja wa Mataifa, New York, kudai haki yao. Ardhi haikurudi wakati huo, lakini kesi hiyo iliwaamsha wengi Tanganyika.

Kesi hii tunaijua kwa sauti za watu wazima. Tuna maombi rasmi, hoja za wakili Earle Seaton, namba za mashamba, 31 na 328. Upungufu wake ni kinyume cha ule wa Tengeru: sababu zote zimo, mtoto hayumo. Hatujui aliyekuwa na miaka minane siku ile alibeba nini, wala alilala wapi usiku wa kwanza. Historia ya vita na ya kufukuzwa inahitaji macho yote mawili, la mtoto lituambie ilivyouma, la mtu mzima lituambie nani alitenda na kwa nini.

Aliyekuwa na miaka minane mwaka 1951 sasa amepita themanini. Wazee hao wako Engare Nanyuki, Leguruki na Kingori. Walimu wenzangu, na wewe mjukuu mwenye simu mkononi, nendeni mkawarekodi mwaka huu. Msianze na kesi. Anzeni kwa kuwauliza siku hiyo walikuwa wamekula nini.