Siri ya Sambusa: Chakula cha Sikukuu Chini ya Usambara

Mnazi ni jina la mti wa pwani, lakini Mnazi ya wilaya ya Lushoto iko mbali na bahari. Imekaa kwenye tambarare, kaskazini ya Milima ya Usambara ya Magharibi. Juu yake, milimani, kuna Mlalo na Mtae. Mbele yake nyika inakwenda hadi Mkomazi. Ni mahali penye jua kali, na mwenye kutaka baridi huitazama milima kwa mbali. Hata hivyo, mgeni kutoka Tanga au Unguja akifika katika nyanda hizi mkesha wa sikukuu hahitaji kufasiriwa linalotendeka jikoni. Kuna nyama ya kusaga, vitunguu, bizari, na kinamama wamekaa duara wakikunja manda. Sambusa imekwisha kufika.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya sambusa ni kilichomo ndani yake. Manda ni ile ile kila nyumba: unga wa ngano, maji, chumvi na mafuta kidogo, ikasukumwa na kupitishwa juu ya chuma cha moto. Nyumba hupambanuliwa na kima chake. Nyama hubandikwa pamoja na chumvi, ndimu, tangawizi na thomu, ikakorogwa mpaka maji yake yakauke kabisa. Ikisha kuepuliwa huachwa ipoe, ndipo hutiwa vitunguu maji vilivyokatwa vidogo vidogo, kotmiri, bizari nyembamba na pilipili kwa kadiri ya mkono wa mpishi. Taratibu hizi zina sababu zake. Nyama ikibaki na maji, manda hulowa na sambusa hupasuka mafutani. Ikijazwa ingali moto, manda hulainika kabla ya kufungwa. Mtoto wa kike hufundishwa haya kwa kutazama, na kipimo hakiandikwi popote. Mama akifa bila ya kumwonyesha mtu, ladha ya nyumba ile huzikwa naye.

Chakula hiki kimetoka mbali. Jina lake lina asili ya Kiajemi, sanbosag, na Waarabu wakaliita sanbusaj. Katika karne ya 10 mwanahistoria al-Masudi aliandika habari za baraza la Khalifa al-Mustakfi huko Baghdad, ambako lilisomwa shairi la kuisifu sanbusaj, lililonasibishwa na Ishaq al-Mawsili, mwanamuziki na mshairi wa karne iliyotangulia. Shairi hilo ni mafunzo ya upishi: linataja nyama nyekundu, mafuta, kitunguu, kabichi, giligilani, tangawizi na pilipili. Inapendeza kukumbuka kwamba al-Masudi huyo huyo alisafiri hadi pwani ya Zanji, akaeleza kwamba wenyeji walikula mtama, ndizi na nazi. Sambusa hakuitaja huku. Ibn Battuta naye alifika Mogadishu mwaka 1331, akakaribishwa wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama na samaki, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Sambusa aliikuta baadaye, Delhi, katika karamu za Sultan Muhammad bin Tughluq: nyama iliyokatwakatwa, ikachanganywa na lozi, jozi, fistiki, vitunguu na viungo, ikafungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Kilichokuwa chakula cha wafalme kilivuka Bahari ya Hindi pamoja na wafanyabiashara, na kwa muda kikawa chakula cha kila mtaa wa Waswahili.

Kupanda kuelekea bara kulifuata njia za biashara. Katikati ya karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Wakilindi, alikuwa na makao yake Vugha, na mmisionari Krapf alimtembelea huko mwaka 1848. Baada ya Kimweri kufariki, mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, chini ya mlima, penye njia ya misafara iliyotoka Pangani. Nguo, bunduki na lugha ya pwani zilipita hapo, na dini ya Kiislamu pia. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Mlalo. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na mashamba ya mkonge yakawavuta vibarua kutoka pande nyingi. Kwa hiyo katika umri wa mtu mmoja Usambara ilipata Idi na Krismasi pamoja, na duka la kuuza unga wa ngano likawa karibu na nyumba za waumini wa dini zote mbili.

Milima nayo ilitia mkono wake katika kima. Kabichi, karoti na viazi mviringo, ambavyo Unguja huitwa mbatata, hustawi katika baridi ya Lushoto, na kutoka huko hushushwa hadi masoko ya chini. Mama ambaye nyama yake haitoshi huiongeza kwa viazi au kabichi iliyokatwa nyembamba. Wapo wanaoicheka sambusa ya kabichi kuwa ni sambusa ya umaskini. Hawajui kwamba kabichi ilikuwamo katika kile kima kilichosifiwa mbele ya khalifa.

Lakini liko jambo kubwa kuliko ladha. Pande la nyama likiwekwa katika sahani, mlaji huliona. Nyama iliyosagwa, ikatiwa viungo na kufungwa ndani ya manda, haionekani. Mwenye kuila amemwamini aliyeipika: kwamba ni nyama gani, imetoka wapi, na nani aliyechinja. Katika nchi ya Wasambaa, ambako ndugu wa tumbo moja huweza kuwa mmoja Mwislamu na mwingine Mkristo, imani hiyo ndiyo inayowezesha jamaa kukaa karamu moja. Desturi iliyoenea Tanzania ni kwamba mnyama atakayeliwa na watu wengi huchinjwa na Mwislamu, ili asiwepo wa kusita. Mkristo anayemwita jirani yake Mwislamu kumchinjia mbuzi wa Krismasi hajapoteza chochote katika dini yake. Amepanua jamvi lake.

Desturi hiyo si ya kuchukuliwa kuwa itadumu yenyewe. Mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja uligeuka kuwa ghasia, na mchungaji mmoja akauawa. Jambo lililotunzwa vizazi kadhaa kwa adabu ya majirani lilimwagiwa damu ya mtu kwa siku moja. Viongozi walikutana na kusema mengi, lakini hakuna tamko linaloweza kumfanya mtu ale asichokiamini. Hilo hutendeka jikoni tu, kwa watu kujuana.

Ndiyo maana kima cha sikukuu kinastahili kuhesabiwa katika historia, pamoja na reli na misafara. Mama anayekitayarisha huwa amekwisha kufikiri kila mkono utakaonyooshwa kwenye sinia. Sikukuu ikifika, sahani hufunikwa kawa na kupelekwa kwa jirani. Jirani hapasui sambusa kuchungulia ndani. Huila, huosha sahani, na kwa kuwa sahani ya sikukuu hairudi tupu, huisubirisha mpaka siku ya sikukuu yake.