Moteri kubwa mu gari ndogo: esansi inaenda wapi? Mfano wa MGB ya Uingereza

Mtu akisikia kwamba moteri ya silinda 4 imetolewa mu gari na ya silinda 8 imewekwa pahali pake, swali la kwanza halichelewi: sasa itakunywa esansi kiasi gani? Wengi wanajibu palepale kwamba moteri ikizidi mara mbili, esansi nayo inazidi mara mbili. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini si ya kweli. Ili tuelewane, tuchukue gari moja ambayo historia yake inajulikana vizuri, juu ilibadilishwa moteri na mafundi wa garaji, kisha na kiwanda chenyewe, na hadi leo wenye nayo bado wanaibadilisha. Gari hiyo ni MGB.

MGB ni gari ndogo ya spoti iliyotengenezwa Abingdon, Uingereza, toka 1962 hadi 1980. Kulikuwa ya wazi na kulikuwa yenye paa, ile iliyoitwa GT. Moteri yake ya kawaida ni ya silinda 4, ujazo wa sentimita 1,798, chuma kizito, nguvu za farasi 95. Ilikuwa gari nzuri, yenye kusikiliza usukani, lakini wapenda mbio waliona nguvu haitoshi.

Kiwanda kilijaribu mara ya kwanza 1967 na MGC. Waliweka moteri ya silinda 6, ujazo wa 2,912, chuma vilevile. Iliongeza zaidi ya kilo 90, na zote ziliangukia mbele. Pua ikawa nzito, gari ikawa na uvivu wa kukata kona, na 1969 wakaiacha, baada ya kutengeneza karibu 9,000 tu. Hapo kuna somo la kwanza kwa kila mwenye kutaka kubadilisha moteri: kabla ya kuuliza nguvu, uliza kilo. Uzito unakula esansi kila mara gari inapoondoka na kila mara inapopanda mlima, hata ukikanyaga polepole namna gani.

Moteri iliyofaa ilitoka mbali. Huko Marekani, Buick ilianza 1961 kuuza magari yenye V8 ndogo ya aluminiamu. Haikudumu huko, na 1965 Rover ya Uingereza ikanunua haki ya kuitengeneza. Njo ileile iliyoingia baadaye mu Range Rover za 1970. Ujazo wake ni 3,528, karibu mara mbili ya moteri ya MGB, lakini kwa sababu ya aluminiamu uzito wake hauko mbali na ule wa silinda 4 ya chuma. Fundi mmoja, Ken Costello, aliona hilo mbele ya kiwanda. Toka karibu 1970 alikuwa anauza MGB zenye V8, na unazitambua kwa nundu iliyo juu ya kofia ya moteri. British Leyland, ambayo ndiyo ilikuwa na MG wakati huo, ilifuata: mu Agosti 1973 ikatoa MGB GT V8, nguvu za farasi 137, bila nundu, juu karburateri zake mbili zilisukumwa nyuma ya moteri.

Sasa tuje kwa esansi.

Siri iko nyuma ya gari. MGB ya silinda 4 iko na ponti ya nyuma, ile wengine wanaita diferansieli, ya 3.909. Maana yake shafti inazunguka karibu mara 4 ili magurudumu yazunguke mara 1. Moteri ndogo inahitaji msaada huo, lazima izunguke haraka ili gari isogee. V8 ilipoingia, kiwanda kiliweka ponti ya 3.07. Nguvu ilikuwa tele, hakukuwa tena lazima ya kuizungusha ovyo. Pamoja na hiyo kulikuwa ovadraivu, kifaa kinachokaa nyuma ya bwati ya vitesi: unabonyeza swichi, na gari inapata kama vitesi nyingine juu ya ile ya mwisho.

Angalia matokeo kwa kilomita 100 kwa saa. Silinda 4, mu vitesi ya 4, inazunguka karibu mara 3,500 kwa dakika. V8, mu vitesi hiyohiyo, karibu mara 2,700. Ukiwasha ovadraivu inashuka hadi karibu 2,200. Moteri za aina hii zinavuta ujazo wao wote mara moja kila mizunguko 2. Kwa hiyo ile ndogo inafungua nafasi ya hewa ya lita 3,150 hivi kwa dakika, na V8 lita 3,880 hivi. Moteri imekua karibu mara mbili, kumbe tofauti iliyopo barabarani haifiki hata robo! Kusema haki, silinda 4 nyingi ziliuzwa nazo na ovadraivu. Ukilinganisha zote mbili zikiwa nayo, V8 inazidi kama nusu. Bado si mara mbili.

Na nafasi ya hewa si esansi. Ili kusukuma gari hii kwa 100 mu barabara tambarare, kazi inayotakiwa ni karibu ileile, iwe na silinda 4 ao 8, juu upepo unaoizuia ni uleule na mipira inalalia lami ileile. Kile V8 inachopoteza kiko pahali pawili. Kwanza ni msuguano: pistoni 8 zinasugua zaidi kuliko 4. Pili ni kuvuta hewa. Moteri kubwa ikifanya kazi ndogo, kale kamlango ka hewa mu karburateri kanakuwa karibu kufungwa, na moteri inavuta kama mtu anayekunywa soda kwa mrija uliobanwa. Nguvu hiyo ya kuvuta inalipwa na esansi. Njo maana ponti ndefu inasaidia: inalazimisha moteri izunguke kidogo na kamlango kafunguke zaidi.

Kwa hiyo magazeti ya magari ya Uingereza yalipoijaribu V8 hiyo, yalipata maili 20 na kitu kwa galoni, na silinda 4 nayo ilikuwa mulemule mu maili 20 na kitu, ikiwa mbele kidogo. Kwa vipimo vyetu ni kama lita 10 hadi 14 kwa kilomita 100. Uangalie jambo moja ukisoma vitabu vya nje: galoni ya Uingereza ni lita 4.55, ya Marekani ni lita 3.79. Maili 25 kwa galoni ni lita 11.3 kwa kilomita 100 ukiwa London, na ni lita 9.4 ukiwa Chicago. Watu wamebishana bure kwa sababu ya hiyo.

Mu mji mambo ni mengine. Gari ikisimama kwa foleni na moteri inanguruma, ponti haina msaada wowote. V8 inaendelea kulisha silinda 8 bure. Mtu ambaye safari zake zote ni za sokoni na shuleni ataona tofauti kubwa kuliko yule anayetoka mji mmoja kwenda mwingine. Na kuna mguu: mwenye farasi 137 chini ya kiatu ni shida kuwaacha walale. Mimi nadhani hiyo inakula zaidi kuliko silinda zote zilizoongezwa.

Kitu kingine hakisemwi sana: mbano wa moteri. V8 ya Rover mu magari ya kifahari ilikuwa na mbano wa 10.5 kwa 1, ikadai esansi bora kabisa. Kwa MGB walichukua pistoni za mbano mdogo, 8.25 kwa 1, kama za Range Rover. Mbano mdogo unapunguza faida unayotoa mu kila lita, lakini moteri inavumilia esansi hafifu bila kugonga. Kwa sisi tunaonunua mara nyingine kwa bidoni kando ya barabara, huo uvumilivu una bei yake.

Gari haikupata bahati. Miezi michache tu baada ya kutoka, mu Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilikata mafuta na bei ikapanda dunia nzima. Uingereza ilichapisha vitabu vya mgao wa esansi, na mu Disemba ikaweka mwendo usiozidi maili 50 kwa saa. Nani atanunua V8 wakati huo, hata ukimueleza habari ya ponti? Bei yake nayo ilikuwa juu. Mwaka wa 1976 ikasimamishwa, zikiwa zimetengenezwa 2,591. Neno «V8» peke yake lilitosha kukimbiza watu.

Leo wenye MGB wanaendelea. Huko Marekani wengi wanaweka V8 ya Ford ao V6 ya General Motors, na bwati ya vitesi 5, na mara nyingi na sindano za esansi zinazoongozwa na kompyuta pahali pa karburateri. Hapo hesabu inaweza hata kugeuka, zaidi kwa MGB zilizouzwa Marekani toka 1975: zilibaki na karburateri moja na nguvu za farasi 60 na kitu. Moteri iliyochoka namna hiyo unaikanyaga hadi chini ili ufuate wengine, na inakunywa bila kukupa kitu.

Lakini asiyepima hajui. Na kupima baada ya kubadilisha ponti kuna mtego. Kompteri ya MGB inasoma mzunguko kutoka bwati ya vitesi, haijui ponti gani iko nyuma. Ukitoa 3.909 na kuweka 3.07 bila kurekebisha kompteri, gari ikitembea kilomita 100 za kweli, kompteri inaandika 79 hivi. Ukiwa umetumia lita 12, utaona kama umetumia lita 15 na zaidi, uanze kulaumu fundi. Tembea kwanza mu njia yenye mawe ya kilomita, ao na simu yenye GPS, ujue kompteri yako inadanganya kwa kiasi gani. Kisha jaza tangi hadi shingoni, tembea angalau kilomita 300, rudi kwa pampu ileile, jaza tena hadi shingoni, gawanya. Rudia mara tatu.

Na mwenye kubadilisha moteri ili apunguze esansi, apige hesabu nyingine pembeni. Gari ikitembea kilomita 5,000 kwa mwaka, tofauti ya lita 2 kwa kilomita 100 ni lita 100 tu kwa mwaka mzima. Radiateri mpya, ponti, breki zenye nguvu zaidi na siku za fundi, hivyo vyote vinalipwa mbele, kabla moteri haijawaka mara ya kwanza.